Salamu Nilizozikata

Mume wangu, Mungu amlaze pema, alikuwa mtafsiri wa sinema, na mimi nilikuwa mkataji wake. Watu wakisikia mkataji wanadhani nilikuwa bucha. Ngoja nieleze, maana bila kuielewa kazi yetu hutaelewa nilichomfanyia mwanangu, na nataka ukielewe vizuri kabla hujanihurumia.

Sinema inakuja na lugha ya huko ilikotoka. Mtafsiri anajifungia chumbani, anaitazama, na kila anayefungua mdomo mle ndani yeye anamsemea kwa Kiswahili: polisi, mchawi, bibi harusi, mtoto anayelia, kiumbe mwenye macho sita aliyeshuka kutoka sayari nyingine. Mume wangu walimwita Radi kwa sababu ya sauti yake. Mwenyewe alikuwa mwembamba, shati likimpwaya, mpaka wageni wakimwona mlangoni walimwomba awaitie Radi. Alifanyia kazi stoo. Kuta alizifunika kwa magodoro yaliyochakaa, dirisha kaliziba kwa blanketi, na humo alipigana na wafu tangu asubuhi mpaka mchana, akitoka amelowa jasho anaomba maji ya kunywa.

Mimi nilikaa sebuleni na kompyuta. Sauti yake ilikuwa mstari mmoja wa kijani kwenye kioo, sauti ya sinema mstari mwingine chini yake. Akikohoa, nakata. Akichanganya majina, nakata. Jogoo wa jirani akiwika katikati ya mazishi ya mfalme, nakata. Nikimaliza naichapa kwenye diski, diski moja inawekwa kabatini, nyingine zinakwenda kwa wateja, na mabaki yote nayafuta kwa sababu kompyuta yetu ilikuwa ndogo na ilijaa upesi.

Halafu kulikuwa na salamu. Watafsiri wengi wana desturi hiyo: sinema ikifika mahali watu wanatembea tu au wanakodolea mwezi macho, mtafsiri anachomeka ya kwake. Radi alikuwa bingwa wa hilo. Mzuka anapanda ngazi, ukumbi mzima roho mkononi, yeye anasema, "Wakati huyu anapanda, nimsalimie kinyozi wa pale kona, aliyeninyoa jana kama anafukuzwa na polisi." Watu wanaangua kicheko, mzuka anafika, wanapiga yowe mara mbili. Alimsalimia muuza betri, refa, mkunga, mwalimu mstaafu, hata mbwa wa jirani aliyevunjika mguu. Watu walikuja mlangoni kuomba salamu kama wanavyoomba chumvi.

Tulijaliwa mtoto mmoja tu, wa kiume. Tangu akiwa mdogo, Jumamosi na Jumapili zilikuwa zao wawili. Wanafunga mapazia jua likiwaka, wanakaa kwenye kochi bega kwa bega, na ni sinema za kutisha na za anga za juu mpaka nawaitia chakula mara tatu. Radi alimpa cheo: mlinzi wa rimoti. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa ila yeye, hata mimi niliyeinunua.

Kilichowatenganisha kilikuwa kitu cha kijinga, na ndiyo maana kiliuma. Kijana alikwenda chuo, akajifunza lugha ya zile sinema ikamwingia barabara. Akarudi likizo siku ambayo Radi alikuwa anazindua sinema mpya kwenye ukumbi wa video wa mtaani, watu wamejaa mabenchi yote. Ilikuwa ya chombo cha anga. Nahodha mzee anaongea na binti yake kupitia kioo, na Radi, kwa ile sauti, akasema: "Mwanangu, mafuta yameisha, baba yako harudi tena." Akina mama wakaanza kujifuta macho. Mwanangu, kutoka benchi la nyuma, akacheka. Akasema kwa sauti, "Baba, hakusema hivyo. Amesema mlango wa stoo haufungi."

Ukumbi ulilipuka. Na kijana, badala ya kufyata ulimi, akanogewa na vile vicheko. Akasahihisha na la pili, na la tatu, mpaka sinema ikaisha. Ukweli ni kwamba Radi lugha ile aliijua nusunusu, nusu nyingine alikuwa anatunga, na kila mtu mtaani alilijua hilo na alimpenda hivyohivyo. Lakini kujua ni jambo moja na kuambiwa hadharani ni jambo jingine. Kesho yake watoto wakawa wanamkimbilia njiani: "Hakusema hivyo! Hakusema hivyo!" Radi akamwambia kijana, "Umenivua nguo mbele za watu." Kijana akajibu kwamba yeye amesema ukweli tu. "Basi nenda na huo ukweli wako," Radi akasema, na kijana akachukua begi lake akaenda kweli. Hakurudi kwa miaka sita.

Nilikuwa na hasira na yule mtoto, acha tu. Mume wangu alikaa wiki mbili bila kuingia stoo. Alikwenda dukani kwa kuzunguka nyuma ya nyumba za watu ili asipite mbele ya ukumbi. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi, na siku zile nilizikunja zote mbili.

Sasa, miezi minne baadaye, nakata sinema ya mashine inayojifunza kulia. Nafika mahali mashine inatembea jangwani peke yake, na namsikia Radi, kwa sauti ya chini ambayo siijui, anasema: "Nimsalimie mlinzi wa rimoti, popote alipo. Chakula chake bado tunakifunika."

Nikaisikiliza mara tatu. Nikasema haiwezekani. Watoto bado wanamzomea, halafu yeye ndiye anayebembeleza? Mbele ya watu walewale waliomcheka? Kwangu mimi mtoto ndiye anayerudi kichwa chini, mzazi hamfuati na sahani mkononi. Nikakata. Mashine ikatembea jangwani kimya, hakuna aliyejua.

Ya pili niliikata kwa sababu nilishaikata ya kwanza. Ya tatu sikumbuki nilijiambia nini. Baada ya hapo ikawa kazi tu, kama kukata kikohozi. Kila sinema aliweka moja, na sinema zilikuwa thelathini na moja.

Radi hakujua. Tangu ile siku ya ukumbini hakutazama tena kazi yake ikishaisha; alisema sinema uliyoimeza mara nne huwezi kuitaka tena hata kwa dawa. Yeye aliamini salamu zinaondoka na diski, na diski zetu zilifika mbali sana, zilikuwa zinachezwa kwenye migodi na kwenye vivuko. Kijana alikuwa ameajiriwa kuendesha greda kwenye kampuni ya barabara, leo kambi hii, kesho ile. Alinipigia kila mwezi kwa namba mpya. Hakumuulizia baba yake, na baba yake hakuiomba simu, ila alikuwa anasogea karibu na kujitia anafunga kamba za viatu. Simu ikikatika ananiuliza, "Hajasema chochote kuhusu sinema?" Nasema hajasema. Anasema haya, anarudi stoo. Niliyaona hayo kwa macho yangu, mwezi baada ya mwezi, na niliendelea kukata. Sina utetezi.

Alikufa Jumatano saa nne asubuhi, ndani ya stoo, akiwa hajafika hata nusu ya sinema ya siafu wakubwa kama ng'ombe. Salamu ya ile hakuwahi kuifikia. Mimi nilisikia tu siafu wanatafuna na hakuna anayewasemea. Daktari alisema moyo umesimama ghafla, hakukuwa na dalili yoyote, wala tusijilaumu. Kambi ya kijana ilikuwa mahali simu haishiki. Alipopata habari tulishazika siku tano nyuma, na kampuni haikumpa ruhusa mpaka wiki ya sita.

Akaja Ijumaa mchana. Amekuwa mtu mzima, mabega mapana, vumbi la barabara limemwingia mpaka kwenye mikunjo ya masikio. Tulikwenda makaburini, tukarudi, akakataa kulala chumbani kwake akatandika stoo, katikati ya yale magodoro. Nikamuuliza anataka tufanye nini siku hizi tatu. Aliniambia basi lake ni Jumapili saa kumi, na hataki kitu chochote, hataki urithi wala nguo za marehemu. Anataka tufunge mapazia tutazame sinema za baba, za kutisha na za anga, zile zilizotoka baada ya yeye kuondoka. Nikasema sawa, mwanangu, kwa nini isiwe sawa.

Tukaanza Ijumaa hiyohiyo na ile ya nyumba ambayo kuta zake zinameza wageni. Mimi nimekumbatia mto wa kochi, yeye rimoti mkononi. Radi akaanza kuongea na nikafikiri sitaweza, maana alikuwa mzima kabisa humo ndani, anabishana na fundi bomba, anatongoza kwa sauti ya mwanamke na kujikatalia kwa sauti ya mwanamume. Mwanangu alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaendelea kucheka na machozi yanamtoka, na sikujua niyafute au niyaache. Nikayaacha.

Jumamosi tukatazama tatu. Katikati alinisimulia maisha ya kambini. Jumamosi jioni wanaume wanajazana kwenye kontena la kulia, wanawasha televisheni, na mara tisa kati ya kumi sinema ni ya Radi. Yeye anakaa nyuma. Wenzake wanamwiga Radi, wanashindana nani anaiweza ile sauti, na yeye hajawahi kumwambia mtu kwamba huyu ni baba yangu. Alizitazama zote, alisema. Nyingine alizifuata mpaka kambi ya jirani kwa miguu.

Nikamuuliza alizifuatia nini, kama alikuwa na hasira. Nilijua jibu. Nilimuuliza kama mtu anayegusa jino bovu kwa ulimi.

"Nilikuwa nangoja anisalimie," akasema. "Nilijiwekea hivyo. Siku akinisalimia, hata kwa utani, hata kwa kunitukana, naomba ruhusa naenda nyumbani. Mama, alimsalimia mbwa."

Nikainuka nikaenda jikoni nikaosha vyombo visafi. Nilikuwa na nafasi ya kusema palepale. Nilifungua bomba ili nisijisikie nikifikiri.

Niliporudi alikuwa ameisimamisha sinema, ile ya watu wanaoamka chomboni mmoja mmoja wakiwa wazee. Akanionyesha mwanamke anayetembea kwenye korido ndefu, anaongea peke yake kwa lugha yao, na Radi yuko kimya. Akanirudishia tena. Akasema ni sekunde tisa, alishazihesabu. Baba yake hajawahi kunyamaza sekunde tisa, hata usingizini alikuwa akisema. Na kila sinema ina pengo kama hilo, moja, kila moja, tangu ile ya mashine ya jangwani. Wengine hawasikii, lakini yeye alilelewa ndani ya kazi hii.

"Nilijua anaumwa," akasema. "Nilijua kifua kinamwishia, pumzi zinamkatika katikati ya kazi. Nilikuwa nasikia kabisa, miaka yote hii, na sikuja. Nikawa nasema mpaka anisalimie."

Nilimwambia daktari amesema hakuwa mgonjwa. Akatikisa kichwa. Alisema daktari hakuwahi kumsikia Radi akitafsiri.

Usiku ule sikulala na sitaki kuusimulia. Asubuhi ya Jumapili alitoka stoo macho yamevimba, akasimama mlangoni akiwa ameshika kikombe kitupu, akasema kwa utulivu, kama anaripoti greda imeharibika, kwamba yeye ndiye amemuua baba yake. Kwa kiburi. Kwamba angekuja, angempeleka hospitali, na leo tungekuwa watatu. Alisema atalibeba hilo mpaka aingie kaburini.

Nikaona ninaweza kunyamaza. Namwambia pole, nampikia, anapanda basi saa kumi, ananipenda mpaka nife. Wallahi niliupima huo mzigo, nikaona ananibebea wangu.

"Hakuwa anaumwa," nikasema. "Hayo mapengo nimeyakata mimi. Alikuwa anakusalimia."

Hakuelewa. Nikamkalisha kwenye kochi nikamweleza yote, tangu mashine ya jangwani, bila kujipaka mafuta: hasira yangu, mstari wa kijani, mabaki niliyofuta. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akafanya kitu ambacho sikukitarajia. Akanishika mkono, akanipapasa kama mtu anayemtuliza mgonjwa.

"Mama, usinitungie," akasema. "Umeniona nalia, ndiyo maana. Hata mimi ningekuwa mzazi ningesema hivyo."

Nikaapa. Akasema anajua. Nikamwambia ile ya kwanza, ya chakula kufunikwa, akatabasamu akasema hayo ni maneno ya mama yeyote. Nikamwambia aliwahi kusema greda haliendeshwi na tumbo tupu. Akasema habari za greda nilizijua mimi, yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia. Kila nililotoa alilirudisha kwa upole, na upole ule ulinichoma kuliko kofi. Nilikuwa nimeikata kazi vizuri mno. Hapakubaki hata pumzi moja ya kumwonyesha, na mtu pekee duniani aliyejua kwamba baba yake alimwita ni mimi, ambaye haniamini.

Basi nikachukua rimoti mkononi mwake. Hajawahi kunyang'anywa rimoti kwenye nyumba hii. Nikaweka sinema ya daktari anayetengeneza nakala za mke wake, nikaipeleka mbele mpaka pale daktari anapofunga milango ya maabara, mmoja baada ya mwingine, kimya. Mlango wa kwanza ulipofungwa nikayasema kwa mdomo wangu mimi, nisiye na sauti ya kuita hata kuku:

"Nimsalimie mlinzi wa rimoti. Ile chai niliimwaga makusudi, na ningeimwaga tena kesho."

Salamu ile siku zote nilidhani ananichokoza mimi. Kijana akiwa na miaka minane, Radi alimwaga kikombe kizima cha chai kwenye kochi langu jipya, mbele ya watoto wa majirani waliokuja kutazama sinema, na nilimsimanga kwa lile kochi kwa muda mrefu. Mikono mibovu, macho kwenye sinema, mtu mzima hovyo. Hakujibu hata siku moja. Nilipoisikia kwenye salamu nikasema huyu mzee hana haya, nikaikata kwa raha kuliko zote.

Mwanangu alinigeukia. Milango ya maabara iliendelea kufungwa.

"Haikuwa chai," akasema.

Alikuwa amejikojolea. Mzuka wa kwenye sinema alitoka chini ya kitanda, na yeye, mtoto wa Radi, aliyewatambia wenzake wote kwamba haogopi kitu, akajikojolea kwenye kochi jipya katikati ya watoto sita. Baba yake aliona maji yanasambaa. Akachukua kikombe chake akakimimina palepale, kwenye suruali ya mtoto na kwenye kochi, akapiga kelele, "Loh, mikono yangu mibovu!" Watoto wakamcheka Radi. Mimi nikaja na tambara na mdomo wangu. Siri hiyo walikuwa nayo wawili tu, na hawakuwahi kuitaja tena hata baina yao.

Alinisimulia huku akiangalia sakafu. Alipoinua uso alikuwa ameniamini, na nilijua ameniamini kwa jinsi alivyousogeza mkono wake ukawa mbali na wangu.

"Kwa hiyo alinisalimia."

"Mara thelathini na moja."

Uso ulimlainika, nikamwona yule mtoto wa miaka minane, na kwa muda mfupi nilijidanganya kwamba tumevuka. Nilikuwa naomba asifike lilipo jambo linalofuata. Alifika.

"Na yeye aliamini nimesikia."

"Ndiyo."

"Alidhani nasikia zote na sijibu. Mpaka Jumatano ile."

"Ndiyo, mwanangu."

Nilingoja anipigie kelele. Ningezipokea kwa mikono miwili. Badala yake aliteremka akakaa chini, mgongo kwangu, akatoa diski zote thelathini na moja kabatini akazipanga sakafuni kwa mwaka. Akaweka ile ya mashine. Mapengo yote aliyajua yalipo, hakuhitaji kutafuta. Akaifikisha jangwani akasema, "Sema." Nikasema. Akaitoa, akaweka ya pili. "Sema."

Tulikwenda hivyo adhuhuri nzima, sebule giza, jua linapenya kwenye mshono wa pazia. Pepo anakokota mnyororo, mimi nasema: nimsalimie mlinzi wa rimoti, leo nimejaribu viatu alivyoniachia, vinanibana. Chombo kinazunguka mwezi, mimi nasema: mwambieni nimeanza kujifunza ile lugha, nimefika ukurasa wa tisa. Nyingine zilikuwa za kuchekesha, hakucheka. Nyingine zilikuwa cheo chake tu, mlinzi wa rimoti, na kimya. Hakugeuka hata mara moja. Niliona tu mabega yake, na rimoti ikinyooka, na sauti yangu kavu ikijaza mahali niliposababisha shimo.

Ishirini na nne nilizikumbuka. Ya ishirini na tano akaweka, mwalimu aliyekufa anafuta ubao, sekunde zikaanza kwenda, na mimi mdomo wazi sina kitu. Zilipita tisa. Akarudisha nyuma. Mwalimu akafuta ubao tena. Akarudisha tena. Nilifumba macho, nikajipiga paji la uso, nikamtafuta Radi kila kona ya kichwa changu, na alikuwepo, namwona anasogeza midomo, lakini nilikuwa nimemkata kweli.

"Kumbuka, Mama."

Zilikuwa saba za namna hiyo. Alijaribu moja baada ya nyingine, kisha akaanza upya, mpaka saa tisa na nusu. Akainuka, akachukua begi. Zile saba akaziweka juu ya meza mbele yangu, akasema nisizirudishe kabatini. Nikamsindikiza mpaka mlangoni nikanyoosha mkono, na yeye akaangalia saa akaenda kuliwahi basi.

Hupiga simu kila Jumapili saa nane. Hanisalimii. Anauliza, "Umepata?" Kwa wiki kumi na moja nimepata moja tu, ya mwalimu na ubao, ilinijia nikiwa nafua: alimwambia asiogope kumsahihisha mtu, ila amsahihishe akiwa karibu naye. Nilipomwambia, simu ikakatika, na nilikaa chini palepale kwenye maji ya sabuni nikalia kwa sauti.

Zimebaki sita. Jumapili iliyopita nilikuwa na maneno tayari. Nimeishi na Radi miaka thelathini, najua anavyoanza, najua anapoweka utani na anapouacha, naweza kumtungia mwanangu salamu sita tamu kuliko za mwenyewe na asijue mpaka afe. Nilikuwa nimeziandika kwenye karatasi, nikakaa nayo mapajani. Saa nane ikafika, simu ikalia, nikasikia greda likinguruma nyuma yake na wanaume wakiitana.

"Umepata?"

"Bado," nikamwambia. "Bado, mwanangu."